Kwa Nini Bia Yetu ya Pipa Haina Baridi Kali, na Ni Mikono ya Nani Inayoifikisha Mezani Kwako

Jumamosi moja jioni, kundi la wateja wetu kutoka Leeds, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa wametoka kwenye ubatizo wa mtoto wa mwenzao, walikaa katika baa yetu hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, meza iliyo karibu na meko. Baada ya mkupuo wa kwanza mzee mmoja aliinua glasi yake, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaniita kwa upole: "Mama, hii bia ni ya moto, halafu imelala. Hamna friji humu?" Nilimbadilishia bila ubishi, kama tunavyombadilishia kila mteja asiyeridhika, lakini nilibaki na deni la maelezo, kwa sababu wenzake mezani walikuwa wakiulizana jambo lile lile kwa sauti ya chini. Makala hii ni malipo ya deni hilo, nami nimeona siwezi kulilipa sawasawa bila kuwaeleza pia habari za watu wanaofanya kazi nyuma ya bia hiyo, maana sisi tunaoimimina ni wa mwisho tu katika mstari mrefu.

Nianze na neno "moto", kwa kuwa ndilo linaloleta utata. Kule nyumbani mhudumu wa baa anapouliza "moto au baridi?" anataka kujua tu kama akutolee chupa ya rafuni au ya kwenye friji, na hakuna anayejibu "moto" akitarajia kuungua ulimi. Bia yetu ya pipa haikai rafuni wala kwenye friji. Inakaa katika ghala lililo chini ya baa, ambako kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinatakiwa kisome kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi, iwe theluji imeanguka nje au jua linawaka. Bia ikipoa kupita hapo hupata ukungu na ladha yake hujificha. Ikipata joto kupita hapo huchacha upesi. Mashine ya kupozea tunayo, na ilitugharimu fedha nyingi kuliko gari tunalolitumia kwenda sokoni, ila tumeipangia kwa makusudi iishie kwenye nyuzi hizo. Ni kiwango kilichochaguliwa na watengenezaji wenyewe, nasi tukikivuka tunaiharibu kazi yao.

Kuhusu bia "kulala", yaani kukosa gesi inayowasha ulimi, maelezo yake ni marefu kidogo. Bia nyingi tulizozizoea huchujwa zikiwa bado kiwandani hadi hamira yote imetoka, na mara nyingi huchemshwa kidogo ili kisibaki kijidudu hata kimoja kilicho hai, kisha husindikwa kwenye chupa au kwenye mtungi wa chuma pamoja na gesi ya kutiliwa. Mtungi huo ndio kegi, na najua kwamba Mkenya akisikia neno hilo mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa Senator, bia iliyoingia sokoni mwaka 2004 na kuwafuta jasho watu wengi wa kipato kidogo. Pipa letu ni kitu kingine. Bia huingizwa humo ikiwa haijachujwa, ikiwa na hamira hai na sukari kidogo iliyobakizwa makusudi, na pipa likishazibwa hamira huendelea kuila ile sukari taratibu na kutoa gesi yake yenyewe. Gesi hiyo ni ndogo na ni laini, haikupigi puani. Kisha hakuna gesi ya mtungi inayoisukuma bia kuja juu. Mtu anauvuta ule mkono mrefu wa pampu ulioko kaunta, na bia hupanda kwa nguvu za bega lake.

Waingereza husema bia ya namna hii ni hai, na kwa hakika kwetu wenye asili ya Kilimanjaro jambo hilo halikupaswa kuwa geni. Nilizaliwa Marangu, na bibi yangu alikuwa mpika mbege. Alichemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, akaziacha kwenye pipa siku kadhaa, akazichuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na ule uchungu unaokata utamu aliutoa kwenye magome ya msesewe. Mbege ya kesho ilikuwa nzuri, ya keshokutwa ilikuwa kali, na baada ya hapo hakuna aliyeitaka. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza bibi kwa nini mbege yake haikutoka kwenye friji. Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika kiwanda kidogo cha bia hapa Yorkshire nilijikuta nikitafuta kila kitu cha bibi kwa jina lake: kimea kilikuwa cha shayiri badala ya ulezi, uchungu ulitoka kwenye maua ya mmea wa hopsi badala ya gome la msesewe, na maji matamu yaliyotoka kwenye kimea kabla ya hamira yalikuwa na ladha ambayo kila Mtanzania angeiita togwa.

Kiwanda tunachonunua bia zetu mbili kati ya tatu ni cha familia moja, na wenyewe wameomba nisikitaje jina, jambo ninaloliheshimu. Katika eneo hili kiwanda cha bia cha familia si jambo la ajabu. Pale Keighley kuna Timothy Taylor's, iliyoanza mwaka 1858 na ambayo mpaka leo iko mikononi mwa familia; bia yao iitwayo Landlord imeshinda mara nne tuzo kuu ya bia ya Uingereza inayotolewa na CAMRA, chama cha wanywaji kilichoundwa mwaka 1971 wakati makampuni makubwa yalipokuwa yakiyaondoa mapipa na kuleta kegi kila mahali. Pale Masham kuna Theakston, ya mwaka 1827, ambayo historia yake inafaa kusimuliwa kwa kila mtu anayedhani biashara ya familia ni kitu kinachojiendesha. Katika miaka ya 1980 familia ilipoteza umiliki, kiwanda kikaangukia kwa kampuni moja kisha kwa nyingine kubwa zaidi. Mmoja wa wanafamilia, Paul Theakston, aliondoka na mwaka 1992 akaanzisha kiwanda chake, Black Sheep, katika mji ule ule mdogo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wanafamilia wengine, ndugu wanne, walikinunua tena kiwanda cha mababu mwaka 2003. Kwa hiyo anayeagiza glasi ya Theakston leo anakunywa bia ya ukoo uliopoteza mali yake na kuirudisha, na sidhani kama jambo hilo lilipatikana kwa hesabu za benki peke yake.

Kiwanda chetu, nikiruhusiwa kukiita hivyo, ni kidogo kuliko hivyo vyote. Jungu lake kuu hutoa mapipa 10 ya kipimo cha Kiingereza kwa mpiko mmoja, yaani takriban lita 1,600, ambazo zikigawanywa katika mapipa madogo ya galoni 9, yale wanayoyaita fakini, hujaza mapipa yapatayo 40. Wafanyakazi ni saba, na kati yao wanne ni baba, mama, binti na mkwe.

Baba ndiye mpikaji. Huanza kazi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu maji ya kulowekea kimea yanatakiwa yawe tayari kabla ya watu wengine hawajafika, na kimea kikishakutana na maji mchanganyiko wote ukae karibu na nyuzi 66 kwa muda wa saa moja na zaidi. Akikosea kwa nyuzi mbili tatu juu, bia itakuwa nzito na yenye utamu uliobaki. Akikosea chini, itakuwa kavu na nyepesi. Kipimajoto cha umeme anacho, lakini nimemwona akiingiza mkono kwenye mvuke ulio juu ya jungu kabla hajakisoma, na mara zote anakisoma ili kuthibitisha kile mkono wake ulichokwisha kumwambia. Mpiko mmoja hula magunia kumi na mawili ya kimea, kila gunia kilo 25. Kuyamimina ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kuyatoa, maana baada ya kulowa yale makapi huwa mazito mno, na hayana njia ya kutoka isipokuwa mtu aingie na koleo na kuyachota, jasho likimtiririka na mvuke ukimpofusha. Koleo hilo ni la mkwe. Machicha hupelekwa kwa mfugaji wa ng'ombe wa jirani, kama wafugaji wa Ruaraka na Ilala wanavyoyajua machicha ya viwanda vya kule, na ng'ombe wake, kama anavyosema mwenyewe, wanaitambua sauti ya trekta la siku ya mpiko.

Binti ndiye mlinzi wa hamira, na kwa maoni yangu yeye ndiye mtu mwenye cheo kikubwa zaidi pale ingawa ndiye mdogo kwa umri. Hamira ya kiwanda cha bia hainunuliwi kila mara dukani kama ya maandazi. Huvunwa kutoka kwenye mpiko uliokwisha, huhifadhiwa kwenye ndoo ya chuma yenye baridi, na kutiwa kwenye mpiko unaofuata, vizazi kwa vizazi. Kiwanda cha Harvey's cha Lewes, kusini mwa Uingereza, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1790, kinatumia hamira iliyopatikana mwaka 1957 kutoka kiwanda kimoja cha Tadcaster, na wamekuwa wakiivuna na kuirudisha tangu hapo. Ladha ambayo mteja huitambua bila kujua ameitambuaje, mara nyingi ndiyo hiyo ya hamira. Basi binti huyu huja Jumapili, siku ambayo kiwanda kimefungwa, kuangalia mapipa ya kuchachushia kwa sababu hamira haijui Jumapili. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, mumewe alimlalamikia mama mkwe kwamba ameoa mwanamke mwenye watoto elfu wasioonekana. Siku hizi halalamiki, kwa kuwa yeye ndiye mwenye koleo.

Mama hushika hesabu, simu na ushuru. Nimeona watu wakiipita ofisi yake kwenye ziara ya kiwanda kana kwamba ni choo, nami hunisikitisha, maana viwanda vidogo vingi vya nchi hii vimesimama au vimeanguka kwenye meza ya namna hiyo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianza kuwapunguzia ushuru watengenezaji wadogo wa bia, na ndipo viwanda vipya vilipoota kila kona; mwezi Agosti mwaka 2023 utaratibu wote ulibadilishwa, ushuru ukawa unafuata kiwango cha kilevi, na bia inayouzwa kutoka kwenye vyombo vikubwa vya lita 20 na zaidi ikapewa nafuu yake. Yeye ndiye aliyekaa usiku kuzisoma kanuni hizo na kuamua kwamba bia yao moja ishushwe kilevi kidogo. Baba hakuzungumza naye kwa siku mbili. Bia ile sasa ndiyo inayouzika kuliko zote.

Mtu mwingine ambaye ningependa mumjue ni muosha mapipa. Si mwanafamilia, yuko pale kwa miaka mingi kuliko mkwe, na jina lake halipo kwenye lebo yoyote. Kila fakini inayorudi kutoka baa ananusa tundu lake kabla hajalitia maji. Ukimwuliza ananusa nini, atakujibu kwamba anainusa baa ilikotoka. Pipa lililozibwa vizuri mara bia ilipoisha hunuka bia. Pipa lililoachwa wazi hunuka siki, na baada ya wiki mbili huwa na wadudu na ukungu ambao maji ya moto ya kawaida hayatoshi kuwatoa.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka wetu wa pili katika baa hii, nilikuwa na haraka ya wiki ya Krismasi, nikawa ninayarundika mapipa matupu uani bila kuyaziba, nikiwaza kwamba kitu kitupu kimekwisha kazi. Mwezi wa pili tukaletewa pipa lililokuwa na bia chachu. Nilipiga simu kiwandani kwa hasira, na yule mzee wa mapipa ndiye aliyepokea. Hakunigombeza. Aliniomba nimsomee namba iliyochorwa kwenye kichwa cha pipa, akaenda kuangalia daftari lake, akarudi akaniambia kwamba pipa hilo lilikuwa kwetu Desemba na lilirudi wazi. Alilisafisha mara mbili lakini alikuwa na wasiwasi nalo. Yaani bia niliyokuwa nailalamikia niliiharibu mwenyewe, hata kabla haijapikwa. Tangu siku hiyo tuna ndoo ya vizibo pale pale karibu na mlango wa ghala, na hakuna pipa linalovuka kizingiti bila kuzibwa pande zote mbili.

Mapipa hayo siku hizi ni ya chuma, kwa sehemu kubwa. Ya mbao bado yapo, ila mafundi wake wamebaki wachache mno. Theakston wamekuwa na fundi wao wa mapipa, na Samuel Smith's pale Tadcaster, kiwanda cha mwaka 1758 ambacho nacho ni cha familia, nao wanaye wa kwao na bado wanaitoa bia yao kwenye mbao. Hook Norton, katika jimbo la Oxfordshire, bado wana injini ya mvuke ya mwaka 1899 na farasi wakubwa wa kuvuta mapipa kuyapeleka kwenye baa za jirani. Ni vitu vya kupendeza kutazama, na picha zake hujaa kwenye simu za wageni. Lakini mletaji wetu wa mapipa anatumia lori dogo jeupe lenye mlango unaogoma kufunguka.

Huyo mletaji hufika Jumanne. Fakini iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo 50, na ghala letu liko chini ya ardhi, kwa hiyo kazi yake ni kufungua kile kifuniko cha mbao kilicho kando ya barabara, kuweka gunia nene la kuangukia chini yake, na kuyateremsha mapipa moja moja kwa kamba na kwa mguu. Ni kazi inayokula migongo ya watu, na ndiyo sababu tunamwekea chai na mkate kabla hatujazungumza naye lolote la biashara. Kuna jambo moja tu analotudai, nalo ni kwamba akishaliweka pipa mahali pake tusilisogeze.

Sababu yake ni hii. Bia ikiwa haijachujwa, hamira na vumbi la hopsi huelea ndani yake, nayo hufanywa itulie kwa kutiwa ute maalumu unaotokana na kibofu cha hewa cha samaki. Ndugu zangu wa Mwanza na Musoma wanalijua jambo hili kuliko Waingereza wenyewe: kibofu hicho kikitoka kwenye sangara ndicho wanachokiita bondo, na wanajua jinsi mabondo yanavyogombaniwa na wafanyabiashara. Ute huo huzikamata chembe za hamira na kuzivuta chini hadi kwenye tumbo la pipa, bia ikabaki angavu. Pipa likitikiswa, tope lote hupanda tena na tunaanza kusubiri upya. Viwanda kadhaa sasa vimeacha kutumia ute wa samaki, na kwa wateja wetu wasiokula nyama wala samaki tunaandika ubaoni ni pipa lipi ambalo halina. Hilo likiwa na ukungu kidogo si ubovu, ndivyo lilivyokusudiwa.

Sasa tumefika kwangu. Pipa likishalala juu ya kitanda chake cha mbao, kazi ya kiwanda inakuwa imesitishwa ila haijamalizika, na sehemu iliyobaki huifanya mimi na mume wangu. Ubavuni, upande wa juu, pipa lina kizibo cha mbao chenye tundu lililozibwa nusu. Ninachukua kijiti laini cha mwanzi, nakipigilia humo kwa nyundo, na hapo gesi hutoka kwa sauti kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto, kisha povu hupanda kupitia nyuzi za kijiti, jeupe, na kuteremka ubavuni mwa pipa. Ninalifuta. Baada ya muda linapanda tena. Povu linapopunguza haraka yake, saa kadhaa baadaye au siku ya pili, najua kwamba hamira imepumua kiasi cha kutosha, naondoa kijiti laini na kuweka kigumu kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki isiendelee kupotea. Nikiwahi, bia itatoka povu tupu. Nikichelewa, italala kweli kweli, na hapo mzee wa meza ya meko atakuwa na haki yake yote. Hakuna saa inayoweza kuniambia. Pipa la bia ile ile, la mpiko ule ule, linaweza kuchukua saa nne leo na siku nzima wiki ijayo.

Halafu ninagonga koki kwenye kizibo cha mbele, kwa pigo moja, maana mapigo mawili ya woga humwogesha mtu, na ninaionja. Kila pipa, kila asubuhi, kabla mlango wa baa haujafunguliwa, mkupuo mmoja wa kuonja na mwingine wa kuthibitisha. Kwetu Uchagani anayekupa mbege huanza kuionja yeye mbele yako, ili ujue kwamba hakuna baya ndani yake. Sikuwahi kufikiri kwamba desturi ile ingekuja kuwa sharti la ajira yangu.

Pipa likishafunguliwa, hewa huingia kadiri bia inavyotoka, na kutoka hapo tuna siku tatu. Siku ya kwanza bia huwa changa kidogo, ya pili huwa katika ubora wake, ya tatu hulainika, na ya nne mimi siiuzi. Kinachobaki humwagwa. Fakini moja ina painti 72 (painti ni glasi ya zaidi kidogo ya nusu lita), chini kidogo ukiondoa lile tope, kwa hiyo bia ambayo haiwezi kuuza painti zipatazo 24 kwa siku haifai kufunguliwa kwenye baa ya ukubwa wetu. Hilo ndilo jibu kwa wale wanaouliza kwa nini tuna pampu tatu tu wakati baa nyingine ya mjini ina kumi. Ndilo jibu pia kwa wale wanaoikuta bia waipendayo imekwisha Jumapili jioni: tungeweza kufungua pipa jingine saa mbili usiku ili tusiwaudhi, lakini Jumatano tungekuwa tunawauzia wengine siki. Ukiona kibao cha jina la bia kilichoko kwenye pampu kimegeuzwa mgongo, maana yake bia hiyo imekwisha au nimeionja nikaikataa, na tafadhali usimshawishi kijana wa kaunta aivute.

Kuhusu bei, painti ya pipa kwetu ni nafuu kuliko painti ya lager, yaani bia ya baridi ya aina ya Tusker, ya kampuni kubwa, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa kazi iliyomo ni nyingi zaidi. Sababu moja ni ushuru, kama nilivyoeleza, na nyingine ni kwamba watu wamezoea iwe hivyo, na kila anayejaribu kuipandisha hukuta wateja wake wamehamia ng'ambo ya barabara. Sisemi ni haki. Muosha mapipa hajaongezewa mshahara kwa kadiri ninavyoona anastahili, na mama wa hesabu angekuwa wa kwanza kukubali, kisha angenionyesha daftari.

Sasa huduma yenyewe. Mgeni yeyote ambaye hajawahi kunywa bia ya pipa hupewa vikombe vitatu vidogo vya kuonja bila malipo kabla hajaagiza, na anayetoka kwenye Tusker au Kilimanjaro namshauri aanze na ile ya rangi ya dhahabu, yenye harufu ya maua, kabla hajafika kwenye ile nyeusi. Anayetaka kitu cha baridi kali ajisikie huru: tunazo lager za chupa kwenye friji nyuma ya kaunta, na hakuna atakayemtazama vibaya. Mume wangu, ambaye amezaliwa kijiji cha pili kutoka hapa, hunywa lager wakati wa joto na huomba nisiwaambie watu. Bia ya pipa ikikuletea harufu ya siki, au ya siagi, au ikiwa na ukungu pale ambapo ubao haukusema hivyo, irudishe hata kama umeifikisha nusu. Tutakubadilishia, na tutakushukuru, maana huenda umeninasa nikiwa nimeonja vibaya asubuhi kwa sababu ya mafua. Tunaomba tu utuambie iko vipi badala ya kuiacha mezani kimyakimya, desturi ambayo watu wetu wanayo kwa sababu ya heshima, na ambayo hutufanya tujue siku mbili baadaye kwamba pipa lilikuwa baya.

Anayetaka kuliona ghala aje Jumanne kati ya saa nne na saa sita asubuhi, wakati mapipa yanapoteremshwa. Tunashuka watu wanne kwa wakati mmoja, wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na hakuna malipo. Njoo na sweta hata kama ni Julai, na viatu visivyo na kisigino kirefu, kwa kuwa ngazi ni za mawe, ni kumi na nne, na ya saba kutoka juu ina ufa ambao tumeahidi kuuziba tangu tulipohamia.